Njoo Inboksi: Duka la Mpanda Linavyojificha Lenyewe

Fika soko kuu la Mpanda asubuhi, simama mbele ya meza ya asali, uliza bei. Muuzaji atakujibu kabla hujamaliza swali, tena atakujibu zaidi ya ulichouliza: hii ya lita, ile ya nusu, hii imetoka Inyonga, ile ya nyuki wadogo ina bei yake, onja kwanza. Sijawahi kumkuta muuzaji wa sokoni ambaye ukimuuliza bei anakwambia umfuate nyuma ya kibanda akakunong'oneze.

Mtu huyohuyo akifungua duka mtandaoni anageuka mtu mwingine. Anaweka picha ya chupa, chini yake anaandika "Asali safi, orijino, karibuni wateja", na mteja akiuliza bei hadharani anajibiwa: njoo inboksi. Ikipita miezi sita analalamika kwamba tovuti aliyotengenezewa kwa fedha nyingi haileti mteja. Anasema akiandika jina la bidhaa yake Google anawaona watu wa Dar es Salaam na Arusha, yeye hayumo. Halafu anatafuta fundi mwingine wa "kumpandisha juu".

Fundi huyo mara nyingine huwa mimi. Nimetengeneza na kukarabati tovuti za wafanyabiashara wadogo kwa miaka kadhaa, na malalamiko haya nayasikia kuliko mengine yote. Jibu langu limebaki lilelile. Google haimfichi muuzaji wa Mpanda. Anajificha mwenyewe, kwa kunyamaza.

Tuanze na mashine yenyewe, maana watu wanaipa uchawi usiokuwepo. Google haina ulimi wa kuonja asali wala pua ya kunusa mchele. Kazi yake ni ya karani. Roboti zake hupita ukurasa kwa ukurasa zikifuata viungo, husoma maandishi, huyaweka kwenye faharasa kubwa mno. Mtu anapoandika swali kwenye simu, kinachopekuliwa ni faharasa hiyo. Asali yako inaweza kuwa bora kuliko zote kuanzia Mlele hadi Karema, lakini kama ukurasa wako una picha moja na maneno matatu, karani ameandika maneno matatu, basi.

Hapa ndipo mabango ya picha yanapotuponza. Tumezoea kutengenezewa bango: rangi za kung'aa, na ndani ya picha hiyohiyo bei, namba ya simu na mahali duka lilipo. Kwa WhatsApp linatosha kabisa. Ukilihamishia kwenye tovuti jinsi lilivyo, maneno yote yamefungiwa ndani ya picha. Google hujitahidi kusoma maandishi yaliyomo kwenye picha, ila ni sawa na karani kusoma barua kupitia dirisha lenye vumbi. Mteja naye hawezi kuigusa namba hiyo ikapiga. Itabidi atafute kalamu. Na yale unayoyasema kwenye stetasi ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, na yanayosemwa kwenye magrupu hayatoki nje ya magrupu. Aliyeuza kwa stetasi miaka mitatu amesema mengi, lakini hakuna hata neno moja ambalo mtu wa Mwanza anaweza kulikuta leo usiku akitafuta.

Sitaki kuwaonea wanaoficha bei. Wana sababu zao, na si za kijinga. Asali ya msimu wa mavuno na asali ya nje ya msimu haziuzwi sawa. Dalali akiiona bei yako hadharani anaipeleka kwa mshindani kabla jua halijazama. Mnunuzi wa chupa moja na mnunuzi wa madumu kumi hawazungumzi bei moja. Yote kweli. Ila muuzaji wa sokoni ana matatizo hayohayo, na bado anajibu. Andika bei ya rejareja na tarehe uliyoiandika. Andika kwamba kuanzia lita 20 watu wapige simu waelewane. Mshindani anayetaka kujua bei yako ataijua tu, atamtuma mtoto wa shangazi yake aulize inboksi. Unayemzuia ni mteja peke yake.

Sheria nayo haiko upande wa wanaonong'ona. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina sehemu ya kumlinda mlaji, na msingi wake ni kwamba anayeuza kwa njia ya mtandao ajieleze: yeye ni nani, anauza nini, kwa masharti gani. Wachache wameisoma. Mimi mwenyewe niliisoma baada ya mteja wangu mmoja kutishiwa kushtakiwa kwa mzigo uliochelewa.

Sasa tuje kwenye maneno, kwa sababu hapa Kiswahili kina mambo yake ambayo vitabu vya Kiingereza vya fani hii ya kuonekana Google, wenyewe wanaiita SEO, havitakufundisha.

La kwanza ni jina la mji wetu. Mpanda ni jina la mji, lakini pia ni neno la kawaida. Yuko mpanda farasi, yuko mpanda milima, yuko mpanda ngazi ambaye sote tunajua mwisho wake ni kushuka. Ukiandika "duka la Mpanda" ukaishia hapo, umemwachia karani akisie. Andika "Mpanda, mkoani Katavi" angalau mara moja katika kila ukurasa. Neno Katavi nalo lina mzigo wake. Wengi duniani wanaolitafuta wanataka Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, kilomita zake za mraba 4,471 na viboko wake wanaorundikana kwenye madimbwi ya mto Katuma kiangazi. Kampuni za utalii zimelishika neno hilo miaka mingi. Usishindane nazo. "Katavi" peke yake ni yao. "Asali ya Katavi", "mchele wa Katavi", "asali ya nyuki wadogo Mpanda" zinaweza kuwa zako.

La pili ni sarufi. Anayeuza kwa Kiingereza ana bahati moja: katika maneno mengi, umoja na wingi hutofautiana mkiani. Kwetu hutofautiana kichwani. Mzinga, mizinga. Kitenge, vitenge. Ufunguo, funguo. Kwa mtambo uliozaliwa kulinganisha maneno ya Kiingereza, neno la Kiswahili linapohama umoja kwenda wingi ni kama mtu aliyebadilisha sura badala ya viatu. Google ya leo inajua zaidi kuliko ya miaka kumi iliyopita, lakini usiiachie kazi yote. Ukurasa wa mizinga useme "mzinga wa kisasa" mahali fulani na "mizinga ya nyuki" mahali pengine, kama ambavyo ungesema ukizungumza. Vilevile na tahajia. Katika kanda yetu kuna wanaoandika mchele na wanaoandika mchere, karanga na kalanga. Sikushauri ujaze makosa kwenye tovuti yako. Ila mteja anayeandika "mchere" anakula vilevile, na maoni ya wateja ukiyaacha yalivyoandikwa, bila kuyasahihisha, yatakufanyia kazi hiyo bila aibu.

La tatu, na hili ndilo ninalolipenda, ni namna watu wetu wanavyouliza. Mswahili hatafuti kwa nomino kavu. Anauliza. Bei ya, jinsi ya, dawa ya, tofauti ya, wapi naweza kupata. Chukua asali uone maswali yanavyomwagika.

Lita moja ni kilo ngapi? Swali hili lina fedha ndani yake, kwa sababu lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, na kuna watu wanaouza kilo kwa bei ya lita huku mnunuzi akidhani ni kitu kimoja. Ukurasa unaolieleza hilo kwa sentensi mbili na picha ya chupa juu ya mizani utasomwa na mtu wa Tabora, wa Kahama na wa Kariakoo.

Asali imeganda, je, imechanganywa na sukari? Nadhani hakuna imani iliyowaharibia biashara warina asali wetu kama hii. Asali halisi huganda yenyewe, kwa sababu sukari yake ya asili aina ya glukosi hujitenga na kuwa chembechembe, hasa kwenye baridi. Chupa ikiwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu, inarudi kuwa majimaji. Muuzaji wa Mpanda analijibu swali hili mara kumi kwa wiki kwa mdomo. Kwenye tovuti yake halimo.

Asali ya nyuki wadogo ina tofauti gani? Ni nyepesi zaidi, ina uchachu, ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa, na nyuki wenyewe hawana mwiba wa kuuma. Je, mtoto mchanga apewe? Asipewe, hadi atimize mwaka mmoja, kwa sababu ya vijidudu ambavyo tumbo lake haliviwezi. Mwenye kisukari je? Hapa muuzaji mwaminifu hupoteza chupa moja na kupata mteja wa kudumu: asali ni sukari pia, aulize daktari wake. Naona tovuti nyingi zikiandika kwamba asali inatibu kisukari, presha na ugumba kwa pamoja. Acha. Ni uongo wenye madhara, na kurasa zinazogusa afya Google huzipima kwa mizani kali kuliko kurasa za viatu.

Umeona nilichofanya? Sijataja ujanja wowote. Nimeyachukua maswali ya sokoni nikayaweka kwenye ukurasa pamoja na majibu yake. Siku hizi, tangu 2024, Google katika nchi nyingi imeanza kuweka juu kabisa ya matokeo jibu lililotungwa na akili mnemba kutokana na kurasa za watu. Ukurasa usio na jibu hauna cha kuchotwa.

Ndiyo maana nawashauri wateja wangu wasiandike makala ya "faida 20 za asali". Zimejaa, na nyingi zimenakiliwa kutoka kwenye nyingine ambazo nazo zilinakiliwa. Mwaka 2011 Google ilitoa badiliko maarufu lililozishusha tovuti za namna hiyo, zenye maneno mengi yasiyo na kitu, na badiliko lenyewe liliitwa Panda, kwa jina la mhandisi wake mmoja. Mwenyeji wa Mpanda akiambiwa tovuti yake imepigwa na Panda ana haki ya kucheka kwanza. Andika kile ambacho aliyeko Dar hawezi kukiandika bila kukuuliza wewe: asali hii ni ya msitu upi, ilirinwa mwezi gani, mzinga wa gogo au wa kisasa, ilichujwa kwa kitu gani, kwa nini ya msimu huu ni nyeusi kuliko ya mwaka jana.

Kuna wanaopenda njia ya mkato, na hao nawapa mfano wa lumbesa. Gunia la lumbesa ni lile lililoshonewa kilemba juu, likabeba zaidi ya kipimo, na Wakala wa Vipimo wamelipiga vita kwa miaka. Tovuti nazo zina lumbesa zake. Utakuta chini ya ukurasa "asali asali safi asali Mpanda asali Katavi asali bei nafuu asali Tanzania", wakati mwingine kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe ili mteja asione. Ilikuwa inafanya kazi zamani. Leo karani anaijua.

Lumbesa nyingine ni ya viungo. Larry Page na Sergey Brin walipoianzisha Google mwaka 1998, wazo lao kubwa lilikuwa kwamba kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine ni kama kura, na kura ya mwenye heshima ina uzito zaidi. Wazo zuri, na penye kura pana wanunuzi wa kura. Mfano unaofundishwa hadi leo ni wa J. C. Penney, kampuni kongwe ya maduka ya Marekani. Mwanzoni mwa 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba duka hilo lilikuwa linaongoza katika utafutaji wa bidhaa nyingi kwa nguvu ya viungo vilivyopandikizwa kwenye mamia ya tovuti zisizohusika. Google ikachukua hatua. Kwa mtu aliyetafuta mabegi ya safari ya Samsonite, duka lilikuwa la kwanza saa moja jioni. Saa mbili baadaye lilikuwa la 71. Mwaka uliofuata, Aprili 2012, likaja badiliko jingine la kuwinda viungo vya kununua. Kwa hiyo akija kijana na ofa ya "viungo 500 kwa laki moja" na ahadi ya nafasi ya kwanza, kumbuka kwamba Google yenyewe husema wazi hakuna mtu anayeweza kuahidi nafasi ya kwanza. Mpe maji ya kunywa, mshukuru, aende.

Kiungo halali ni kile unachokistahili. Nyumba ya wageni pale Sitalike, kwenye mlango wa hifadhi, inaweka asali yako mezani asubuhi? Waombe waandike kwenye tovuti yao asali imetoka wapi, na jina hilo libonyezeke. Shule inanunua mchele kwako? Redio ya hapa ilikuhoji? Halmashauri imechapisha orodha ya wajasiriamali walioshiriki maonesho ya Nanenane? Viungo vitano vya aina hiyo ni bora kuliko 500 vya yule kijana.

Tuje kwenye umbo. Watu wengi wakisema "tovuti nzuri" wanamaanisha picha kubwa zinazojibadilisha zenyewe juu ya ukurasa. Mimi naanza na simu. Google ilianza mwaka 2018 kuzipima tovuti kwa sura yake ya simu badala ya ya kompyuta, na kufikia Oktoba 2023 ikatangaza kuwa kazi ya kuhamia huko imekamilika. Kwetu tulikuwa tumefika zamani. Sijui ni wateja wangapi wa Nsimbo au Mishamo wameona tovuti kwenye kompyuta tangu wazaliwe. Basi ijaribu tovuti yako kwenye Tecno au Itel ya bei ya chini, ukiwa nje ya mji ambako mtandao unasuasua. Usiijaribu ofisini kwa fundi kwenye Wi-Fi, hapo kila tovuti ni nzuri.

Hesabu ni hii. Picha iliyopigwa kwa simu ya kawaida ya siku hizi ina MB 3 hivi. Ukurasa wenye bidhaa kumi na mbili, kila moja na picha yake jinsi ilivyotoka kwenye simu, una MB 36. Mteja mwenye bando la GB 1 ataufungua mara 28, kisha bando limekwisha, hajanunua kitu. Picha hizohizo zikipunguzwa ukubwa na kubadilishwa kuwa za aina ya WebP zitakaa kwenye KB 100 kila moja bila jicho la kawaida kugundua, na ukurasa wote utakuwa chini ya MB 2. Google inataka sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Inataka pia vitu visihamehame mtu anapotaka kubonyeza, na yeyote aliyewahi kubonyeza tangazo akidhani anabonyeza "nunua" anajua kwa nini. Lakini hata kama Google isingejali, mwenye bando anajali.

Mengine nayapitia haraka. Kichwa cha kila ukurasa, yale maneno yanayoonekana kwa herufi kubwa kwenye matokeo, yaseme kilichomo: "Asali ya nyuki wadogo, lita 1, Mpanda, Katavi". Nimekuta maduka ambayo kila ukurasa wake unaitwa "Nyumbani". Namba ya simu iwe maandishi yanayobonyezeka. Kila bidhaa iwe na ukurasa wake, usirundike zote pamoja. Fundi aweke zile alama za kitaalamu zinazoiambia Google hii ni bidhaa, bei yake shilingi kadhaa, ipo au imekwisha. Ni kazi ya nusu siku. Kama una msimbopau wa bidhaa, ule unaoanza na 620 kwa zilizosajiliwa Tanzania, uandike, na kama una nembo ya TBS ionyeshe pamoja na namba ya leseni yake. Na kikoa, hilo jina linaloishia na .co.tz, kisajiliwe kwa jina lako na nywila zake uzishike wewe. Nimemwona mama mmoja akipoteza tovuti ya miaka minne kwa sababu fundi aliyeisajili kwa jina lake mwenyewe alihama mji na kubadilisha namba.

Kuhusu kikapu cha kununulia na malipo ya kadi, nina msimamo unaowaudhi mafundi wenzangu. Duka la Mpanda halivihitaji, walau kwa kuanzia. Jumia, kampuni iliyokuja na mtindo huo kamili, ilifunga biashara yake Tanzania Novemba 27, 2019, na baada ya hapo nikasikia watu wakisema Watanzania hawanunui mtandaoni. Wananunua kila siku. Wamelipa kwa simu tangu M-Pesa ilipoingia mwaka 2008. Ila kwa maoni yangu hawanunui kwa kimya; wanataka kwanza wasikie sauti ya mtu. Hivyo ninaweka kitufe cha WhatsApp chini ya kila bidhaa, na mteja akikibonyeza ujumbe unakuwa tayari umeandikwa: "Nahitaji asali ya nyuki wadogo, lita 1." Mwenye duka anapokea swali lenye kichwa na miguu badala ya "mambo". Analipwa kwa Lipa Namba yenye jina la duka. Inboksi, kumbe, ina kazi yake, ila iwe mlango wa kulipia, isiwe ukuta wa kuuliza bei.

Kinachobaki ni umbali, na hapa ndipo ukurasa wa Mpanda unapaswa kuwa mrefu kuliko wa mtu yeyote. Mji wetu umezaliwa na swali la usafirishaji. Reli ya kutoka Kaliua, zaidi ya kilomita 200 za msitu, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa hapa, kwa sababu bila reli madini hayo yalikuwa mawe tu. Leo kuna lami hadi Tabora kupitia Inyonga na Sikonge, kuna njia ya Sumbawanga hadi Mbeya, kuna ya Uvinza kwenda Kigoma. Lakini mtu wa Tanga anayesoma tovuti yako hajui hata moja kati ya hizo. Yeye anajua kwamba Mpanda ni mbali.

Mweleze basi. Mzigo unaondoka siku gani. Unakwenda kwa basi, kwa posta au kwa treni. Nauli ya kifurushi cha kilo tano hadi Dodoma, hadi Dar, hadi Mwanza ni kiasi gani, na ni nani anailipa. Chupa inafungwaje isipasuke, maana asali ikimwagika kwenye buti la basi utalipa na mashuka ya watu. Atapigiwa simu na nani ikifika, na stendi gani. Jina na namba vinaandikwa kwa makapeni juu ya boksi, na unampigia picha boksi hilo pamoja na risiti kabla gari halijaondoka. Ukurasa wa namna hiyo hauandikwi na mtu wa mbali, na ndio unaomtoa mtu wa Tanga kwenye wasiwasi. Nimeona maduka yakiweka sentensi moja, "tunatuma mikoani", yakadhani yamemaliza.

Si kila mtu anahitaji haya. Muuza saruji wa Makanyagio ambaye wateja wake wote wanafika kwa miguu au kwa bodaboda asipoteze fedha kwenye tovuti. Ajiandikishe kwenye ramani ya Google, ambako ni bure, aweke saa za kufungua, picha ya mbele ya duka na namba inayopokelewa, jina liwe lilelile lililo kwenye ubao wake, basi. Mkoa huu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 ukiwa na watu laki tano na sitini elfu na kidogo; sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni moja na laki moja. Wageni ni wengi. Anayehamia Nsemulwa mwezi huu hamjui hata muuza misumari, ataiuliza simu yake.

Kwa wenye tovuti, kuna chombo cha bure cha Google kiitwacho Search Console. Ukiunganisha nacho, kinakuonyesha maneno yenyewe ambayo watu waliyaandika kabla tovuti yako haijatokea mbele yao. Nakipenda kuliko vyombo vyote, kwa sababu wateja wanaonekana humo wakiongea wenyewe. Lakini kinahitaji miezi kadhaa kabla hakijasema kitu cha maana, na kwa duka jipya kinaonyesha sifuri, sifuri, sifuri.

Ndiyo maana wateja wapya nawapa daftari kwanza. Nilimpa mmoja hapa Mpanda, muuza asali, nikamwomba kwa wiki nzima aandike kila swali analoulizwa mezani, hata la kipuuzi, kwa maneno ya muulizaji. Alirudi na kurasa tisa. Lita ni kilo ngapi, mbona nyeusi, mbona imeganda, ya nyuki wadogo mnachanganya, inakaa muda gani, naweza kutuma Musoma. Kwenye ukurasa wa mwisho kulikuwa na swali ambalo lilikuwa limeulizwa na wanawake wanne tofauti, na ambalo sikuliona likijibiwa kwenye tovuti yoyote niliyoifungua jioni ile: "Nikirudisha chupa, mnanipunguzia?"

Nikamuuliza, na wewe huwa unawapunguzia? Akasema ndiyo, siku zote, kwani kuna asiyejua?